Skrini inawaka lakini haiandiki: itazame kwanza kabla ya kugusa programu

Ujumbe unaorudi kila mara ni huu: "Taa inawaka, herufi hazionekani, na programu nimeinakili kama ilivyo." Wanaoutuma wanaongelea ile skrini ya mistari 2 yenye herufi 16 kila mmoja, inayoendeshwa na chipu ya HD44780 au nyingine ya jamii yake, ikiwa imeungwa kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kuendesha programu. Acha programu kwanza. Taa ya nyuma ina umeme wake kupitia pini ya 15 na 16, kwa hiyo kuwaka kwake hakuthibitishi kwamba chipu ya herufi inafanya kazi.

Anza na pini ya 3, V0, inayokoleza herufi. Chukua potenshiomita (kizuizi cha umeme kinachorekebishwa kwa kuzungushwa) ya kilo-omu 10: mguu wa kati uende V0, wa pembeni mmoja volti 5, mwingine graundi. Izungushe polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Skrini nyingi za volti 5 hukolea V0 ikiwa chini ya volti 1, yaani karibu kabisa na upande wa graundi. Anayeishia katikati huona skrini tupu na kuitupa bure. Ukiilisha skrini hiyo volti 3.3, huenda usione kitu hata V0 ikigusa graundi, kwa sababu tofauti ya volti inayobaki haitoshi.

Ukiona vibox vyeusi 16 kwenye mstari wa juu na wa chini mtupu, hiyo ni habari njema. Umeme upo, ukolezaji uko sawa. Kilichokosekana ni amri za kuiamsha chipu. Sasa fuatilia nyaya. RW, pini ya 5 inayochagua kusoma au kuandika, lazima iungwe graundi. Ikiachwa bila kuungwa popote, skrini inaweza kudhani inasomwa badala ya kuandikiwa. Kisha linganisha nyaya na mstari huu wa programu:

LiquidCrystal lcd(12, 11, 5, 4, 3, 2);

Mpangilio wake ni RS (huchagua amri au herufi), E (hutoa mpigo wa kuiambia skrini ipokee data), kisha nyaya za data D4, D5, D6, D7. D0 hadi D3 huachwa bila kitu. Na kwenye lcd.begin(16, 2) zinatangulia safu wima, siyo mistari.

Halafu kuna kosa ambalo watu hawapendi kuambiwa: pini zimechomekwa tu kwenye matundu, hazijalehemewa. Bonyeza skrini kwa kidole. Herufi zikija na kupotea, hakuna programu itakayokusaidia. Lehemu pini zote 16.

Herufi za ajabu ni kisa kingine. Kwa nyaya 4 za data, kila herufi hutumwa vipande viwili. Mpigo mmoja wa E ukipotea, au ukizidi kwa sababu ya waya uliolegea, vipande hupishana na kila kinachofuata huharibika mpaka skrini iamshwe upya. Fupisha nyaya, kaza E. Kama takataka ni zilezile kila ukiwasha, shuku D4 hadi D7 zimebadilishana nafasi.

Wenye kibao kidogo cha I2C mgongoni mwa skrini (kinachopitisha data kwa nyaya mbili tu): SDA iende A4, SCL iende A5, kisha endesha programu ya kutafuta anwani. Kibao chenye chipu ya PCF8574 huja mara nyingi na anwani 0x27, na chenye PCF8574A na 0x3F. Anwani ikikosewa, vibox vinabaki palepale. Potenshiomita ya kibao hicho ni ile ndogo ya bluu, huzungushwa kwa bisibisi.

Mwisho, namba zinazodanganya. Kipimo kikishuka kutoka 100 hadi 99, skrini inaonyesha 990, kwa kuwa sifuri ya zamani haijafutwa. Usikimbilie lcd.clear(), amri ya kufuta skrini nzima, ndani ya loop (sehemu ya programu inayojirudia), herufi zitapepesa. Rudisha kishale mwanzo wa namba, iandike, kisha andika nafasi tupu mbili baada yake.