Maswali ya Wasomaji: Ghala la Zamani Lipewe Kazi Gani?

SWALI: Mhariri, sisi ndugu watano tumerithi jengo la ghorofa mbili lililojengwa kwa mawe na chokaa, ambalo zamani lilikuwa ghala. Lipu inabanduka sehemu za chini za kuta, na fundi ametushauri tuikwangue yote na kupiga saruji. Ndugu mmoja anataka tubomoe, mwingine anataka hoteli yenye vyumba ishirini, nami naona libaki lilivyo mpaka tupate fedha. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni kwa kumsimamisha fundi, kwa sababu mjadala wa hoteli unaweza kusubiri lakini saruji ikishapigwa ni taabu kuiondoa bila kung'oa na mawe. Saruji ya kisasa ilisajiliwa kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, nchini Uingereza mwaka 1824, na kuta zilizojengwa kwa chokaa hutegemea tabia ambayo saruji haina: hunyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huutoa taratibu kupitia viungo na lipu. Ukuta huo ukivikwa saruji, maji hukosa njia ya kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo huganda ndani ya mawe na kuyamumunyua, hivyo kwamba baada ya miaka michache lipu mpya huanguka pamoja na uso wa ukuta wenyewe. Tafuteni kwanza maji yanatoka wapi, iwe ni mfereji wa paa ulioziba au udongo uliorundikana dhidi ya ukuta, ndipo mpake lipu ya chokaa. Fundi wenu huenda ni hodari sana kwa nyumba mpya. Hii ni kazi nyingine.

Kuhusu matumizi, swali linalofaa kuulizwa ni jengo hili linaweza kubeba kazi gani bila kukatwakatwa. Utajiri wa ghala ni nafasi yake pana, kuta nene na sakafu zilizozoea mizigo. Hoteli ya vyumba ishirini inadai bafu ishirini, mabomba yanayotoboa kila sakafu, na kuta za kugawa ambazo zitaufuta ule upana unaolipatia jengo thamani yake, na sioni faida ya kuhifadhi ganda peke yake. Maktaba, ukumbi wa maonyesho, karakana za mafundi au ofisi zenye nafasi ya pamoja zingelifaa zaidi. Kituo cha treni cha Orsay mjini Paris, kilichofunguliwa mwaka 1900, kilipoteza safari za mbali kwa kuwa majukwaa yake yalikuwa mafupi kwa treni mpya. Mwaka 1986 kilifunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa, na paa lilelile lililopitisha mwanga kwa abiria sasa linaangazia sanamu. Kituo cha umeme cha Bankside mjini London, kilichozimwa mwaka 1981, nacho kilifunguliwa mwaka 2000 kuwa jumba la sanaa la Tate Modern, na ukumbi wa mitambo ukaachwa wazi.

Wazo lako la kuliacha lilivyo lina nia njema, ila jengo tupu huoza upesi, maana hakuna anayeona tone la kwanza linalovuja. Hekalu la Pantheon mjini Roma liligeuzwa kanisa mwaka 609, na matumizi hayo ndiyo yaliyolilinda wakati majengo mengine ya kale yalipogeuzwa machimbo ya mawe. Kama fedha ni chache, tengenezeni paa na mifereji, kisha mtumie ghorofa ya chini pekee. Ama kuhusu kubomoa, ulizeni kwanza mamlaka ya mambo ya kale kama jengo limeorodheshwa kati ya yale yanayolindwa, kwani huenda uamuzi huo si wenu.

SWALI: Tukiongeza ngazi mpya, je, tuijenge kwa kuiga ya zamani isitambulikane?

JIBU: La. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi huufuata, unataka nyongeza ioane na jengo lakini ionekane kuwa ni ya wakati wake, ili atakayelisoma jengo baadaye asidanganyike. Jengo la Bunge la Ujerumani mjini Berlin lilipofanyiwa ukarabati uliokamilika mwaka 1999, lilipewa kuba la kioo ambalo hakuna anayeweza kulidhania kuwa la karne ya 19, na maandishi ambayo askari wa Kisovieti waliyachora ukutani mwaka 1945 yakaachwa yasomeke. Kwenu ngazi nyepesi ya chuma ingetosha, ikisimama kwenye msingi wake yenyewe na kufungwa kwa bolti badala ya kuchimbiwa ukutani, ili siku ikihitajika kuondolewa iondoke bila kuacha tundu.