"Tuma na ya kutolea": niliyoyaona dirishani tangu tozo ya 2021

Mleta uzi, umeuliza kama mabadiliko ya kodi humuumiza kweli mtu wa chini, au ni hofu inayokuzwa kila Juni bajeti ikisomwa. Mdau mmoja hapo juu akakujibu kwamba tozo ya miamala ya simu hapa Tanzania ilianzia Sh10, na hakuna aliyelala njaa kwa shilingi kumi. Naomba nijibu kwa niliyoyaona. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu Ifakara, kibanda changu kiko jirani na soko, na Julai 2021 nilikuwa dirishani kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Kwa waliosahau: makato yale yalianza tarehe 15 Julai 2021, Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi. Yalikuwa juu ya makato ya kawaida ya mtandao, ambayo nayo yana kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ndani yake. Na yalimkuta anayetuma, kisha yakamkuta anayetoa. Mdau wa shilingi kumi anahesabu muamala mmoja. Watu ninaowahudumia hawaishi kwa muamala mmoja.

Nina mteja, bibi wa jirani, hana pensheni wala mshahara. Analetewa na watoto watatu: mmoja anabeba mizigo Kariakoo, mmoja kazi za ndani, mmoja bodaboda Morogoro. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kukusanya laki akaituma mara moja mwisho wa mwezi. Leo inakuja elfu kumi, Alhamisi elfu tano, wiki ijayo elfu kumi na tano ya dawa ya presha. Mwenye mshahara anatuma mara moja, anakatwa mara moja, na mzazi wake anatoa mara moja. Kwa bibi yangu pesa ya mwezi huingia vipande sita au saba, na kila kipande kilikatwa kikitumwa na kukatwa tena kikitolewa. Hiyo ndiyo hesabu ambayo jedwali la viwango halikuionyesha. Ukitazama jedwali unaona mwenye milioni anakatwa nyingi na mwenye elfu tano kidogo, unasema haki imetendeka. Ukikaa dirishani kwangu mwezi mzima unaona jambo jingine.

Siku mbili tatu baada ya tozo kuanza, bibi alikuja na ujumbe wa elfu kumi "na ya kutolea", yaani na nyongeza ya kulipia makato ya kutoa. Mwanawe alikuwa ameongeza ya kutolea kwa kiwango cha zamani, kama alivyozoea. Nikajaribu kutoa elfu kumi, ikagoma, salio halitoshi. Nikamweleza kwamba itabidi atoe pungufu. Akaniuliza, "Mwanangu, mwenzio kasema elfu kumi kamili, sasa imepungua njiani?" Akakaa kwenye benchi langu, akambipu kijana wake, akasubiri apigiwe. Hakupigiwa. Nikamwongezea mwenyewe zile mia chache akaenda, lakini jinsi alivyonitazama kabla ya kuondoka siwezi kuisahau. Alidhani mimi ndiye niliyechukua. Na hakuwa peke yake. Wiki ile nilieleza mpaka sauti ikakauka, na bado wapo wateja waliohama kibanda wakiamini kwamba wakala wa pale ni mwizi. Mtu aliyepitisha kodi hayuko dirishani, tunaoulizwa ni sisi.

Julai kwetu ni msimu wa mpunga, kwa hiyo ilikuwa ipite pesa nyingi. Wanunuzi waliozoea kutuma kwa madalali kwa simu wakaanza kuja na fedha taslimu kwenye begi. Watoto wa Dar wakarudia mtindo wa zamani wa bahasha kwa kondakta wa basi, unakwenda stendi kusubiri mzigo wako. Wengine wakataka niwawekee moja kwa moja kwenye namba ya anayepokea, kwa sababu kuweka hakukuwa na makato, jambo ambalo mitandao hairuhusu na mimi ningeweza kufungiwa laini kwalo. Daftari langu la miamala kabla ya Julai lilikuwa linajaza kurasa mbili kwa siku. Agosti ilikuwa shida kumaliza ukurasa mmoja na nusu. Kamisheni ndiyo chakula changu, na binti niliyekuwa nimemwajiri kunisaidia nilimwambia apumzike kwanza. Hakurudi tena kazini. Yeye hakuwa na pesa ya kutuma wala ya kutoa, lakini tozo ilimfikia.

Majirani zetu Uganda walikwishapita njia hiyo. Julai 2018 waliweka 1% kwenye miamala ya simu, wananchi wakalalamika, ikashushwa hadi 0.5% na kubaki kwenye kutoa tu. Somo lilikuwepo miaka mitatu kabla yetu.

Haki isemwe: kelele zilisikika. Rais Samia aliagiza suala liangaliwe upya siku chache tu baada ya kuanza, na Septemba 2021 viwango vikapunguzwa 30%. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi Sh4,000, ila tozo ikapanuliwa mpaka benki, na hapo wenye mishahara nao wakaanza kupiga kelele. Oktoba mwaka huohuo tozo kadhaa za benki zikafutwa. Nililiona hilo na likaniuma kidogo. Bibi yangu alilalamika mwaka mzima, mwenye akaunti akalalamika miezi mitatu.

Mwaka 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa, tukafurahi. Lakini bajeti hiyohiyo ya 2023/24 iliongeza Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Huku kwetu dizeli ndiyo pawatila ya kulimia, ndiyo lori la kubeba mpunga na basi la kwenda Morogoro hospitali. Bibi hana gari. Ila akipanda bajaji anailipa, akinunua sukari iliyotoka mbali anailipa, na sasa hata hana ujumbe wa kumwonyesha amekatwa ngapi. Ile ya simu angalau aliiona.

Kuna hii nyingine ambayo haizungumzwi sana, kodi ya jengo kupitia LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 unakatwa ukinunua umeme, na ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Baadaye ya nyumba ya kawaida ikapanda hadi 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo, sheria inasema hivyo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Tuliambiwa tuelewane na wenye nyumba. Nilimwendea wangu kwa adabu zote, akanijibu kwamba umeme natumia mimi, na kama sioni faida vyumba vinatafutwa na watu wengi. Nikanyamaza, nikalipa. Ningefanya nini? Anayepanga chumba kimoja na watoto wawili hana meza ya kukaa na mwenye nyumba wakaelewana.

Mama yangu mzazi, mwenye zaidi ya miaka 60 na anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, alistahili msamaha wa kodi hiyo. Msamaha upo. Ila ili aupate ilibidi aende serikali ya mtaa kuchukua barua, apige picha, apeleke ofisi husika, aambiwe arudi. Nilipojumlisha nauli zake nikakuta zinazidi makato ya miezi kadhaa. Mara ya tatu akasema wacha wakate.

Sipingi kodi, wakuu, na naomba nieleweke. Serikali ilisema fedha za tozo zinajenga vituo vya afya na madarasa, na majengo hayo watu wameyaona. Mimi ni mama, nimejifungua mara mbili, na najua maana ya kituo cha afya kuwa karibu. Ninachokiogopa ni namna kodi inavyotafuta mahali rahisi pa kukatwa. Simu ni rahisi, mita ya umeme ni rahisi, kituo cha mafuta ni rahisi. Na mahali rahisi pa kukata huwa ndipo pale ambapo maskini hana njia ya kuzunguka. Mfanyabiashara mkubwa ana mhasibu wa kumtafutia nafuu. Bibi ana mimi, na mimi sina nafuu ya kumpa zaidi ya mia chache kutoka mfukoni.

Kwa hiyo mleta uzi, muswada ujao ukitoka usianze na asilimia. Angalia inakatwa wapi na mara ngapi kwa pesa ileile. Angalia nani amesimama pale inapokatwa, mwenye mali au anayeitumia kwa kupanga. Na kama kuna msamaha, uliza mzee anaupataje bila kupanda gari.

Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kila muswada wa fedha unapokuja. Mimi mwaka huu naandika ombi moja: mwenye umri wa msamaha kwa mujibu wa kitambulisho chake cha taifa (NIDA), namba yake ya mita isomwe na kuondolewa makato moja kwa moja, asiitwe ofisini. Anayetaka tuandike pamoja aniandikie hapa chini. Barua nimeshaianza.