Springi imekatika na gari ilikuwa tupu, kosa la nani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni dereva wa lori, njia yangu Makambako kwenda Songea. Majuzi springi ya nyuma imekatika, lile bapa kubwa la juu, nikiwa narudi gari tupu, lami safi, spidi ya kawaida tu. Bosi kakomaa kwamba nimeingiza gari kwenye shimo, anataka anikate mshahara. Anasema gari hiyo hiyo imebeba mbao za kutisha mwaka mzima na haikukatika kitu. Ukweli ni upi?

JIBU: Marahaba. Kwanza hicho kipande kisiuzwe skrepa, ndo ushahidi wako. Kisafishe grisi kwa mafuta ya taa, kipeleke juani uangalie pale palipokatika. Mara nyingi utaona sehemu mbili tofauti kabisa: moja laini, rangi imefifia, pengine na kutu, ina mistari ya upinde inayoanzia sehemu moja ya pembeni au kwenye lile tundu la bolti ya katikati na kuzidi kupanuka, halafu nyingine imekwaruzika, ina punje punje, bado inang'aa. Hiyo laini ni ufa ulivyokuwa unatembea taratibu, wiki kwa wiki, wewe unaendesha na hujui. Ya punje ni ile iliyokuwa imebaki imeshikilia peke yake mpaka ikachoka siku hiyo. Sasa kama ya punje ni ndogo na laini imekula sehemu kubwa ya bapa, maana yake kilichomalizia kilikuwa kitu kidogo, wala sio shimo. Mwonyeshe bosi.

Kwa nini ufa unaanza? Chuma kikivutwa, nguvu inapita ndani yake, ikikutana na tundu au mkwaruzo au kishimo cha kutu inabidi izunguke, hivyo inarundikana pembeni pale. Bapa pana lenye tundu dogo la duara, ukilivuta, ukingoni mwa tundu chuma kinabeba kama mara 3 ya sehemu nyingine. Hiyo ni tundu la duara, lenye adabu. Ufa una ncha kali mno, kwa hiyo pale nchani mzigo unazidi hata hapo, hata kama chuma chote kilichobaki ni kizima. Wauza vitambaa wanalijua hili, hakai kukata doti nzima kwa mkasi, anachanja kidogo pembeni halafu anapasua kwa mikono na kitambaa kinakwenda chenyewe.

Kila tuta na kila mtikisiko, ufa unafunguka kidogo unafunga, unafunguka unafunga, na kila mara unasogea kiasi ambacho jicho halioni, pengine hata sehemu ya elfu ya milimita haifiki, lakini hesabu matuta ya Makambako mpaka Songea kwenda na kurudi uone. Na hapa ndo bosi anapojifunga mwenyewe na mbao zake. Miaka ya 1960 Mmarekani anaitwa Paul Paris alionyesha kwamba mwendo wa ufa haupandi sawa sawa na mzigo, unapanda kwa kasi zaidi, kwa vyuma vingi ukizidisha mzigo mara 2 ufa unakimbia takriban mara 8. Yaani ile safari ya mbao iliyopita salama mpaka watu wakashangilia ilikula springi kuliko safari nyingi za kawaida zikijumlishwa. Springi haikusahau, ilikuwa inaandika.

Na hili sio jambo la malori ya Bongo tu. Tarehe 8 Mei 1842 huko Ufaransa treni ilikuwa inatoka Versailles kurudi Paris imejaa watu waliotoka kwenye sherehe za mfalme, ekseli ya injini ya mbele ikakatika karibu na Meudon, mabehewa yakapandiana, moto ukashika, na milango ilikuwa imefungwa abiria wakiwa ndani. Walikufa zaidi ya watu 50. Siku hizo mainjinia wengi waliamini chuma kikitikiswa sana kinageuka punje punje ndani, eti ndo maana pale kilipokatika pana punje. Mwaka uliofuata Mskoti mmoja, Rankine, akaeleza kuwa ekseli zilikuwa zinapasuka kidogo kidogo kuanzia pale kwenye kona, unene unapobadilika ghafla, akashauri kona zile ziviringishwe. Mpaka leo angalia shafti yoyote iliyochongwa vizuri, pale unene unapobadilika utakuta pana mviringo, sio kona kavu. Fundi wa mashine ya kuchongea akikuachia kona kavu mrudishie.

Kuhusu mshahara wako siwezi kukuamulia, ila hayo mabapa yaliyobaki usiyaamini. Yafungue, yapake mafuta ya taa yakae, yafute yakauke kabisa, halafu paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki.

SWALI: Fundi habari. Chesisi ya gari yangu imeshika ufa, fundi wa huku Voi kabla ya kuweldi katoboa tundu na drili mwisho wa ufa. Jirani ananiambia nimeibiwa, chuma kimepasuka halafu mtu anakiongezea tundu! Ni kweli?

JIBU: Jirani hajui, fundi wako yuko sawa. Soma hapo juu habari ya ncha: tundu la duara linaifuta ile ncha kali, ufa unakosa pa kuanzia. Ila kuna mambo mawili. Ncha halisi iko mbele kidogo ya pale jicho linapoona, kwa hiyo atafute kwa mafuta na chaki kwanza, akitoboa nyuma ya ncha amefanya kazi bure. Na asipitishe weldi juu juu, achimbe ufa wote kwa grenda mpaka chini ndo ajaze, la sivyo anaufukia ufa ukiwa bado hai. Kiukweli tundu peke yake ni la kukufikisha nyumbani.

Weldi nayo ina tabia yake. Januari 1943 huko Portland, Oregon, meli ya mafuta inaitwa Schenectady, mpya kabisa, imefungwa gatini na maji shwari, ilipasuka usiku kwa kishindo, ufa ukazunguka sitaha na mbavu zote mbili mpaka karibu na chini kabisa na meli ikakunjika. Meli za zamani zilizoungwa bati kwa bati kwa ribiti, ufa ukifika ukingo wa bati mara nyingi unaishia hapo. Hii ya kuweldi ilikuwa kama bati moja, hakuna cha kuuzuia, na chuma chenyewe kilikuwa cha aina inayokuwa kikavu kwenye baridi, yaani kinavunjika bila kupinda kwanza. Kwa hiyo mwambie fundi asiishilize weldi yake kwa kona kali na asiongeze bati la mraba juu, akiweka kiraka akiviringishe kona zake, maana ufa mpya unapenda kuanzia hapo hapo.

SWALI: Jiwe limegonga kioo cha mbele, kipo kidoti kidogo tu. Niache?

JIBU: Usiache. Kioo hakina huruma kama chuma, hakipindi kwanza, na unyevu ukiingia kwenye ufa unausaidia kusogea hata gari ikiwa imesimama. Kabla hujafika kwa fundi wa kujaza gundi, ziba kwa selotepu safi maji yasiingie, usioshe kwa maji baridi gari ikiwa imetoka juani, na AC usiipulizie kioo moja kwa moja. Kidoti kinajazwa, kikishakuwa mstari mrefu ni kununua kioo kizima, na bei unaijua.