Mama yangu Mkristo ananitolea salamu, nimjibuje?

SWALI: Nimesilimu miaka 3 iliyopita. Mama yangu ni Mkristo. Siku hizi nikimpigia simu, yeye ndiye huanza: "Asalamu aleko, mwanangu." Wenzangu wameniambia asiye Mwislamu hujibiwa "wa'alaykum" tu, nikizidisha nimetoka katika dini. Nikajibu hivyo, mama akauliza mbona namkatia salamu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, mjibu kamili: "Wa'alaykumus-salaam, mama." Salamu hiyo kajifunza kwa ajili yako.

Wenzako wameshika hadithi sahihi, ila wameiacha sababu yake. Mayahudi waliomwingilia Mtume (S.A.W.) walisema "as-saamu 'alaykum", yaani mauti yawe juu yenu. Herufi moja tu, lamu, ikimezwa, amani inageuka mauti. Bi Aisha (R.A.) akawarudishia mauti na laana; Mtume akamtuliza, akamwambia Allah anapenda upole katika mambo yote, na kwamba yeye Mtume amekwisha wajibu "wa'alaykum", yaani nanyi pia. Sahaba Ibn Umar (R.A.) naye kaipokea amri hiyo pamoja na sababu yake hiyo hiyo.

Je, mama yako kakuombea mauti? Lamu yake inasikika! Hiyo "aleko" ni ulimi usiozoea herufi ya Kiarabu 'ayn tu, na Waislamu wangapi wa kwetu hutamka vivyo hivyo. Mwanazuoni Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Ahkam Ahl al-Dhimma, anasema msikiaji akiwa na yakini kwamba ametamkiwa salamu wazi, uadilifu ni kumrudishia salamu. Na Qur'ani, sura An-Nisaa aya ya 86, inaamuru maamkio yajibiwe kwa yaliyo bora zaidi au kwa mfano wake.

Wanazuoni wengi wamebaki na "wa'alaykum" kwa hali zote, na anayewafuata halaumiwi. Lakini kumtisha binti kwamba ametoka katika dini kwa kumwitikia mama yake ni dhuluma, na haina dalili.

Kuanza ni jambo jingine. Katika kitabu cha hadithi Sahih Muslim imekatazwa kuwaanza Mayahudi na Wakristo kwa salaam. Basi akipokea simu tu, muwahi: "Shikamoo mama." Usingoje akutangulie, kwetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Kisha usikimbilie mahitaji yako. Muulize amelalaje, amekula nini, dawa zimebaki ngapi. Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) alipojiwa na mama yake mshirikina alimuuliza Mtume kama aunge undugu naye, akaambiwa: ndiyo, muunge mama yako.

Mpigie leo, umweleze kuwa hukukusudia kumkatia.