Kutu inayorudi chini ya rangi mpya

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Gari yangu ililiwa na kutu chini ya milango na juu ya tairi za nyuma. Fundi alipiga msasa, akajaza puti na kupuliza rangi, nayo ikapendeza kweli. Masika hayakwisha, rangi ikaanza kutoa malengelenge pale pale. Je, rangi ilikuwa mbovu? Naishi karibu na pwani.
— Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salamu, ndugu yetu. Kwa maelezo yako, rangi haielekei kuwa na kosa. Inaelekea kutu haikuondolewa yote, na puti ikawekwa juu yake. Puti ya kawaida hunyonya unyevu, hivyo maji yakishapenya hukaa juu ya bati, na kutu huendelea kula chini kwa chini hadi rangi inyanyuke.

Mwambie fundi akwangue rangi mpaka aone bati zima pande zote za doa, kwani kutu hutambaa chini ya rangi ambayo kwa macho ni salama. Kisha aguse bati kwa ncha ya bisibisi. Likitoboka, hapo hapana dawa ila kukata na kuchomelea kipande kipya. Likiwa gumu, aanze na brashi ya waya au msasa namba 80, kisha atazame kwa karibu vile vishimo vidogo vilivyobaki. Bati linaweza kung'aa kote, na ndani ya vishimo mkabaki vidoa vyeusi, ambavyo ndivyo mbegu ya kutu ijayo. Msasa haufiki humo; hutumika dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, kwa glavu na miwani, kisha huoshwa kama chupa inavyoelekeza, kwa sababu mabaki ya asidi huizuia praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, isishike.

Kwa sisi wa visiwani kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipuuza, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari huileta, hujificha ndani ya vishimo hivyo, na huvuta unyevu hata ikiwa chini ya rangi. Kwa hiyo kabla ya kupiga msasa, na tena baadaye, bati lioshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na kuoshea maji hayo ni kuirudishia gari ugonjwa wake. Heri maji ya mvua yaliyokingwa safi.

Bati likaushwe mara moja, lipanguswe kwa thina na kitambaa safi, wala si kwa petroli, kisha lipigwe praima ya epoksi, ile isiyopitisha maji kwa urahisi, siku hiyo hiyo. Katika hewa yetu, bati tupu likilala usiku mmoja huweza kuamka na utando wa rangi ya chungwa, na kazi ikaanza upya. Siku ya mvua, au unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, ni bora kuahirisha. Puti, ikihitajika, ije juu ya epoksi iliyokauka na kupigwa msasa.

Milango yako nina shaka imeanza kuoza kwa ndani. Chini ya kila mlango mna matundu ya kutolea maji, ambayo huzibwa na mchanga na majani. Yazibuliwe, na rangi ikishakauka kabisa, ndani ya mlango mpulizwe nta ya kuzuia kutu.