Kwa nini kina mama hawaji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi?

SWALI: Asalaam alaikum. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii huku Matondoni, Lamu. Tulibandika matangazo ya "Saratani huua, kapime mapema" na tukapita nyumba kwa nyumba. Siku ya kupima walikuja wachache mno. Mmoja aliniambia, "Siendi kujitafutia maradhi." Tumekosea wapi?

JIBU: Waalaikumsalaam, dada yangu. Kina mama walikusikia vizuri. Kwamba saratani huua walishajua. Aliyemwona jirani akivushwa kwa boti akiwa mahututi hahitaji tangazo. Mliwatia hofu, hamkuwaonyesha pa kuipeleka.

Waambie kwanza kwamba kipimo hiki hutafuta hasa mabadiliko yanayotangulia saratani. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, miaka 5 hadi 10. Yakigunduliwa mapema huondolewa, mara nyingi kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, na mama akalala kwake usiku huo huo.

Kisha eleza yanayofanyika pale kitandani, maana ndiyo yanayoogopwa. Muuguzi hufungua njia kwa kifaa, hupaka siki iliyozimuliwa kwa pamba, husubiri kama dakika moja. Penye kasoro hugeuka peupe. Ni siki, ile ile ya achari! Nimeona mama akilegeza mabega kwa kuambiwa hivyo tu. Ulizia mapema kama muuguzi atakuwa mwanamke na kama pana pazia, ulitangaze hilo kwa herufi kubwa kuliko "huua".

Halafu kuna aibu, na hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Chanzo cha saratani hii ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Ukisema hivyo ukanyamaza, mama mwenye mume mmoja maisha yake yote ataona anatuhumiwa. Malizia: karibu kila anayejamiiana huvipata wakati fulani, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Aibu hiyo hiyo huigusa pia chanjo ya HPV ya wasichana wa miaka 10, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019. Mzazi akisikia zinaa atamficha mwanawe. Akisikia kinga ya saratani, atauliza siku.

Ila anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, asingoje siku ya kupima. Mpeleke hospitali wiki hii.