Maswali na majibu: Kupima hoteli, mgahawa na dobi za kampuni moja

Tuna hoteli Nyali, Mombasa, mgahawa Mji wa Kale, magari ya watalii na dobi. Kila mwezi bosi hupanga faida zao kwenye karatasi moja, na dobi huwa mkiani. Sasa ataka kuifunga. Ni haki? (Mhasibu, Nyali)

Muulize kwanza: hoteli huilipa dobi shilingi ngapi kufuliwa shuka? Katika kampuni nyingi za ukoo hapa kwetu, hailipi hata senti. Dobi yabeba sabuni, maji ya bowsa, umeme na mishahara, kisha jasho lake lahesabiwa kuwa faida ya hoteli. Hiyo ni dhulma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Anzisheni ankara za ndani, yaani dobi iitoze hoteli. Ulizeni dobi wawili watatu wa nje wanatoza kiasi gani kwa kilo, mtumie bei hiyo, mkipunguza kidogo kwa kuwa dobi yenu haihangaiki kutafuta wateja. Fanyeni vivyo hivyo kwa mahamri ambayo mgahawa huipelekea hoteli alfajiri. Mkijumlisha hesabu za kampuni nzima, yaondoeni mauzo hayo ya ndani, la sivyo mapato yatavimba bure.

Dobi ikipata hasara hata kwa bei ya soko, hapo bosi ana hoja. Lakini na ajiulize pia: huyo dobi wa nje ataleta shuka kwa wakati tarehe 27 Desemba, hoteli ikiwa imefurika?

Meneja wetu ajivunia vyumba kujaa, na pesa hatuzioni. (Mwenye hoteli, Bamburi)

Gawanya mapato ya vyumba kwa vyumba vyote ulivyonavyo, si vilivyouzwa tu. Tuseme una vyumba 80. Usiku mmoja ukiuza 60 kwa 9,000, bila VAT, unapata 540,000, yaani 6,750 kwa kila chumba. Usiku wa pili ukiuza 72 kwa 7,000, unapata 504,000, yaani 6,300. Usiku wa pili hoteli imechangamka zaidi na imeingiza kidogo. Tena vyumba 12 vya ziada vimekula sabuni, maji na kifungua kinywa. Ukimpa meneja bonasi kwa kujaza vyumba, atavijaza kwa kushusha bei.

Aprili tumeshuka vibaya kuliko mwaka jana. Nimfukuze meneja?

Tazama kalenda kwanza. Pasaka ya 2023 ilikuwa tarehe 9 Aprili, ya 2024 tarehe 31 Machi. Wageni wale wale wa bara huhama mwezi mzima. Kwa mgahawa, Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: mchana hakuna mteja, futari ndiyo yauza. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, Pasaka na Pasaka, masika na masika.

Mgahawa wangu wabebeshwa mishahara ya ofisi kuu na matangazo ambayo sikuulizwa. Kila robo naonekana mzembe.

Pole, ndugu yangu. Lalamiko lako lina msingi wa zamani: utaratibu wa hesabu za hoteli uliotolewa New York mwaka 1926, unaofuatwa hadi leo duniani, hautwishi idara gharama za utawala, matangazo na matengenezo. Huziweka chini, peke yake. Omba karatasi yako iwe na mstari wa faida kabla ya gharama za ofisi kuu. Wewe upimwe hapo: gharama ya chakula, mishahara ya jikoni, chakula kinachotupwa. Yaliyo chini ya mstari huo na wayajibu wakubwa.

Na magari tuyapime vipi?

Kwa kilomita zenye abiria dhidi ya kilomita tupu. Gari likipeleka mgeni stesheni ya treni ya Miritini na kurudi halina mtu, dereva aandike safari zote mbili. Hotelini nako wajue bei ya kurudi tupu, ili wapange gari lirudi na wageni wanaoingia saa hizo hizo.